Je, Wajua? Daraja Likivunjwa, Vyuma Vyake Huenda Wapi?

Tangu tarehe 19 Juni 2025, mtu anayetoka Pasiansi, Mwanza, kwenda Sengerema au Geita hapangi tena foleni ya pantoni pale Kigongo. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 28.45, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Safari iliyoweza kula saa mbili ukijumlisha na kusubiri imekuwa dakika chache za gari. Kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando, au mchuuzi mwenye matenga ya samaki juani, hilo si jambo dogo.

Pantoni zilizokuwa zikituvusha hapo, MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza, si lazima zifungwe mnyororo kwenye ufukwe mmoja. Chombo cha majini huweza kupelekwa kivuko kingine kikaendelea kuchapa kazi. Lakini kila chombo kina siku yake ya kuchoka, na kila daraja la chuma lina siku yake ya kushushwa. Siku hiyo ikifika, jibu letu la kawaida ni moja: mizani ya vyuma chakavu, kisha lori, kisha tanuri. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi, na kikishatoka hapo kikiwa nondo, hakuna atakayejua kwamba kiliwahi kubeba watu.

Ziko nchi na miji iliyochagua kuacha kipande. Ukurasa huu leo unapita kwenye visa hivyo, vingine vya mbali, vingine vya pwani yetu na ziwa letu, na nia yetu haijajificha: tunataka Mwanza nayo iache kipande.

Je, wajua kwamba mbwa wa bandarini alijengewa kumbukumbu kwa mawe ya daraja la jijini London?

Daraja la kwanza la Waterloo, juu ya mto Thames jijini London, lilifunguliwa mwaka 1817. Misingi yake ilipoanza kutitia, likabomolewa katika miaka ya 1930. Mawe yake ya matale hayakutupwa. Mengine yalipelekwa ng'ambo, kwenye nchi zilizokuwa na uhusiano na Uingereza, yakawe kumbukumbu. Canberra, mji mkuu wa Australia, ilipata yake. Wellington, New Zealand, nayo ilipata.

Wellington walikuwa na mbwa aliyeitwa Paddy. Alizurura gatini miaka mingi, akapanda meli na teksi alivyotaka, akalishwa na makuli na mabaharia. Alipokufa mwaka 1939 mji mzima ulimlilia. Mwaka 1945 watu wakamjengea bomba la maji ya kunywa karibu na bandari, watu wanywe juu na mbwa wanywe chini, na mawe waliyotumia ni yale ya Daraja la Waterloo. Jiwe lililobeba magari ya farasi ya London linanywesha mbwa upande wa pili wa dunia. Mimi naona hapo wazee wa Wellington walifanya jambo la maana kuliko wale waliojenga minara mirefu, kwa sababu kumbukumbu yao ina kazi na kila apitaye ana haja nayo.

Ndugu yake, Daraja la London la mwaka 1831, lilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1968 mfanyabiashara Robert McCulloch alilinunua kwa dola za Marekani 2,460,000. Mawe yakatiwa namba moja moja, yakasafirishwa hadi jangwa la Arizona, yakavishwa juu ya daraja jipya la zege katika mji wa Lake Havasu City, likafunguliwa mwaka 1971. Liko pale hadi leo. Lakini hiyo ilikuwa biashara ya kuvuta wanunuzi wa viwanja.

Je, wajua kwamba mafundi walificha zimwi la chuma ndani ya daraja?

Hiki ndicho kisa chenye somo kubwa kwetu, kwa hiyo tukae nacho.

Daraja la Bay, linalounganisha San Francisco na Oakland huko California, lilifunguliwa Novemba 1936. Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.9 lilipiga eneo hilo, na kipande cha barabara ya juu cha upande wa mashariki kikaangukia barabara ya chini. Mafundi wa chuma walifanya kazi usiku na mchana, daraja likafunguliwa tena baada ya mwezi mmoja. Kabla hawajaondoka, walichomelea kwa siri kijisanamu cha zimwi kwenye boriti, mahali ambapo mwenye gari hawezi kukiona. Kilifuliwa na mhunzi aitwaye Bill Roan. Zimwi likatazama maji kwa zaidi ya miaka 20, na wenyeji waliposikia habari zake wakasema ndilo linalolinda daraja.

Upande huo wa mashariki haukuweza kutegemewa kwa tetemeko jingine, ukajengwa mpya na kufunguliwa Septemba 2013. Zimwi likatolewa kwa uangalifu na kuhifadhiwa. Kisha ikaja hoja ya chuma chenyewe. Maelfu ya tani yalikuwa yanakwenda kuyeyushwa. Mamlaka ya tozo za madaraja ya eneo hilo ikashirikiana na Jumba la Makumbusho la Oakland, wakatenga takriban tani 450, wakatangaza: msanii, msanifu majengo, halmashauri, yeyote mwenye wazo alete maombi. Sharti kubwa lilikuwa kwamba kitakachotengenezwa kikae California mahali ambapo umma unakifikia. Hukuruhusiwa kukifungia nyuma ya ukuta wa nyumba yako.

Tazama mpangilio huo. Kwanza, uamuzi ulifanyika wakati vyuma bado viko juu. Pili, hawakujaribu kuokoa kila kitu. Walitenga sehemu ndogo tu ya chuma chote, na sehemu kubwa ikaenda kwa wayeyushaji kama kawaida. Tatu, makumbusho yalikaa kati ya mwenye chuma na mwenye sanaa, ili mgawo usiwe wa kujuana. Mambo hayo matatu yanahitaji barua, mkutano na mtu mmoja mwenye moyo wa kufuatilia, na hayo hayajawahi kuishinda halmashauri yoyote ya Tanzania.

Je, wajua ribiti hushika kwa kupoa?

Mwenye kutaka kutambua daraja la zamani aangalie vichwa vya ribiti. Ni vile vifundo vya duara vilivyojipanga mistari kwenye boriti, vimefunikwa rangi juu ya rangi. Kabla kuchomelea hakujaenea, vyuma vikubwa viliunganishwa hivyo. Kazi ilitaka watu wanne. Wa kwanza alipasha ribiti kwenye tanuri dogo hadi ikawa nyekundu inayoelekea njano, akairusha kwa koleo. Wa pili aliidaka kwa kopo na kuipenyeza kwenye tundu. Wa tatu aliegemeza chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti. Wa nne aligonga mkia upande wa pili mpaka ukafanya kichwa kingine. Ribiti ilipopoa ilinywea, na kule kunywea ndiko kulikobana bamba na bamba kwa nguvu isiyolegea. Daraja la bandari ya Sydney, lililofunguliwa mwaka 1932, lina ribiti kama milioni 6 zilizopigwa kwa namna hiyo.

Ribiti haifunguliwi kwa spana. Kuitoa ni kukata kichwa na kusukuma mwili wake nje. Ndiyo maana boriti ya daraja lililovunjwa huwa na matundu yaliyoachwa, makovu ya gesi, na pengine namba za chokaa au za rangi ambazo mjenzi aliziandika ili boriti ijulikane inakaa wapi. Msanii mzuri huyaacha yote hayo. Akiipiga grenda boriti mpaka ing'ae, amebaki na chuma tu, na chuma cha aina hiyo angekipata dukani.

Hapa kuna tahadhari ambayo fundi wa mtaani anastahili kuijua. Madaraja ya zamani mengi yalipakwa rangi yenye madini ya risasi ili yasishike kutu. Ukikata kwa gesi bila kuikwangua kwanza, moshi wake unaingia mwilini na kukaa humo, na watoto ndio huumia zaidi. Chuma cha kihistoria hakikatwi uani huku kuku na watoto wanazunguka.

Je, wajua kwamba mizinga ya maadui wawili imewekwa pamoja Mombasa?

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikamalizwa humo. Wajerumani hawakuacha mizinga yake 10 izame na meli. Waliiopoa, wakaifunga magurudumu, ikavutwa na watu porini na kupigana nchi kavu. Waliovuta mizinga ile katika matope na majani walikuwa Waafrika. Mzinga mmoja wa Königsberg umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na hapo hapo upo mzinga wa Pegasus. Meli zilizopigana zimekutanishwa mbele ya watalii na watoto wa shule. Kila ninapokitafakari kisa hiki naona pengo moja tu: wapagazi waliovuta nao wanastahili sanamu.

Zanzibar ina kisa cha upande wa pili. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow, iliyojengwa Scotland mwaka 1878, ilizamishwa na Waingereza katika vita vya dakika chache vya Agosti 1896. Milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mbele ya mji kwa miaka mingi. Mwaka 1912 ikavunjwa, sehemu zikatupwa baharini na chuma kingi kikauzwa chakavu. Alama iliyoonwa kila asubuhi na kizazi kizima cha Unguja iliishia kwenye mizani.

Je, wajua treni iliyopewa jina la Mzamiaji?

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 upepo mkali uliangusha Daraja la Tay huko Scotland, treni ikiwa juu yake. Hakupona abiria hata mmoja. Kichwa cha treni, namba 224, kiliopolewa, kikatengenezwa, kikarudishwa kazini, na wafanyakazi wakakiita Mzamiaji. Kilivuta mabehewa hadi mwaka 1919. Boriti zilizosalia nzima nazo zilitumika katika daraja jipya lililofunguliwa mwaka 1887, na visiki vya nguzo za daraja la kwanza vinaonekana majini hadi leo, sambamba na jipya.

Sisi tunayo meli ya Liemba, ambayo haishindwi na yeyote kwa visa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika masanduku hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

Je, wajua kiti cha enzi kilichoundwa kwa bunduki?

Vita vya ndani vya Msumbiji viliisha kwa mapatano ya Oktoba 1992, bunduki zikabaki zimefukiwa mashambani na kuchomekwa kwenye mapaa ya nyasi. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la Msumbiji, chini ya Askofu Dinis Sengulane, likaanzisha mpango wa kubadilisha silaha kwa zana. Leta bunduki, pewa jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilikatwa zisiweze kutumika tena, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii wa Maputo.

Mwaka 2001 msanii Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, akatengeneza kiti. Mikono yake ni bunduki, miguu yake ni bunduki, na mgongo wake ni bunduki zilizosimama wima. Ukisogea karibu na mgongo utaona vitako viwili vya bunduki juu kabisa. Matundu ya skrubu yamekaa kama macho, na nafasi ya mkanda imepinda kama mdomo. Ni nyuso mbili zinazotabasamu. Kester hakuzichonga, zilikuwamo ndani ya silaha tangu kiwandani, yeye aliziona na kuzielekeza kwa mtazamaji. Kiti hicho sasa kiko Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, pamoja na Mti wa Uhai, sanamu kubwa zaidi iliyotengenezwa na Kester na wenzake watatu kutokana na silaha za mpango huo huo.

Kazi ya Kester inatufundisha jinsi ya kuvitendea vyuma vyenye historia. Msanii asiye na subira hutaka chuma kifanane na kitu kingine: simba, ua, malaika. Kester alikiacha chuma kibaki bunduki, na kwa kukiacha hivyo akatuonyesha kilichofanywa nacho.

Je, wajua sheria yetu haikilindi chuma?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Milango ya nakshi imepewa nafasi pana zaidi: inalindwa iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa magofu ya Kilwa na kwa mbao za pwani, ni sheria nzuri. Lakini weka miaka hiyo kando ya historia ya chuma nchini. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Hakuna daraja hata moja la reli, wala pantoni, wala meli ya ziwani yenye umri wa kuingia kwenye ulinzi huo wa moja kwa moja. Njia iliyopo ni Waziri kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa, na si rahisi Waziri kutangaza asichoombwa. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, boriti ya mwaka 1928 ni kilo, sawa na kilo za friji mbovu.

Wakati huo huo Wakala wa Barabara, TANROADS, imekuwa ikilalamika mara kwa mara juu ya wezi wanaong'oa alama za barabarani na vyuma vya kingo za madaraja yanayotumika. Soko la vyuma chakavu halisubiri daraja life.

Je, wajua kengele ya shule yako huenda ilikuwa reli?

Kabla hatujasema kwamba sanaa ya vyuma vya zamani ni mambo ya Wazungu, tuangalie chini ya mwembe. Shule ngapi za msingi nchini mwetu zina kengele iliyonunuliwa dukani? Kengele ni kipande cha reli kilichofungwa waya tawini, au rimu ya lori, na karibu yake kuna bolti au kipande cha nondo cha kugongea. Zamu ya kugonga ilikuwa heshima. Mahali panapogongwa pamelika, pameng'aa kama shaba, huku sehemu nyingine zote zikiwa na kutu ya kahawia. Reli ina sauti yake, kavu na ndefu, inayofika bondeni. Rimu ina sauti nene. Mtoto aliyesoma kwenye sauti hiyo anaitambua akiwa mtu mzima.

Hicho ni chuma kilichookolewa kutoka kazi moja na kupewa kazi ya umma, mahali pa wazi, na jamii nzima imekikubali. Hakina kibao cha maelezo wala jina la msanii, na bado kimefanya kile ambacho sanamu nyingi za viwanja vya miji hazijafanya: kimeingia kwenye maisha ya watu. Kwa hiyo hatuanzi sifuri.

Je, wajua kuna daraja lililoundwa ili livunjwe?

Mwaka 1940 Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la kivita la vipande vinavyofanana. Kila fremu ina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu sita. Unaunganisha kwa pini, unavuka, unafungua, unahamia mto mwingine. Madaraja ya jamii hiyo bado huokoa barabara zetu mvua zinapokata makalvati. Fremu moja iliyochakaa, ikisimamishwa wima, tayari ni sanamu.

Je, wajua nyaya za mitego zimegeuzwa tembo?

Pasiansi ina chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966, na askari wengi wanaolinda mapori yetu wamepitia pale. Kazi mojawapo wanayokutana nayo porini ni kutegua mitego ya nyaya: waya wa kawaida, kitanzi, mnyama anajinyonga mwenyewe. Nyaya zikishateguliwa zinakuwa mzigo. Nchini Uganda, karibu na Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, mradi uitwao Snares to Wares umewafundisha vijana wa vijiji, wakiwamo waliowahi kutega, kusuka nyaya hizo ziwe tembo, twiga na simba wa kuuza. Kitanzi kilichomnyonga mnyama kinarudi kikiwa na umbo lake. Nchini Kenya, Kioko Mwitiki alijenga jina kwa tembo wa ukubwa wa tembo halisi aliowaunga kwa vyuma chakavu. Dar es Salaam kuna karakana ya Wonder Workshop, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza wanyama kwa vipuri vilivyotupwa.

Na ziwa letu limeshapokea mgeni wa aina hiyo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda jahazi Flipflopi kwa tani 10 za taka za plastiki, wakalivisha rangi za ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa. Lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Victoria kupitia Kenya, Uganda na Tanzania.

Basi Mwanza ifanye nini?

Jiji hili lina sanamu ya samaki katikati yake, na wageni hupigia picha hapo. Lina mawe ambayo hakuna mchongaji angeyaweza. Lina pia majonzi ya majini: mamia waliokufa na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ambao kumbukumbu yao iko Igoma, na waliokufa na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kuvuka maji ndiyo historia ya watu wa hapa. Lakini hakuna mahali ambapo mtoto wa Pasiansi anaweza kugusa kipande cha chombo kilichomvusha bibi yake kutoka Busisi.

Fikiria lango la pantoni, lile bamba zito linaloshushwa kwa minyororo chombo kinapogusa ufukwe. Bamba hilo lina matuta ya chuma yaliyochomelewa ili tairi zisiteleze, na katikati ya njia za tairi matuta hayo yamesagika mpaka yakalala. Hapo wamepita akina mama na watoto mgongoni, ng'ombe wa mnada, mabasi ya Bukoba, majeneza. Kipande cha mita mbili cha lango hilo, kikisimamishwa kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, hakihitaji kuongezewa mengi. Na mafundi wa kukisimamisha wapo. Vijana wanaochomelea mageti na madirisha kwenye vibanda vya Pasiansi na Kirumba wanajua chuma kuliko wengi waliokisomea. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kazi hii nayo ni yao, na kuwalipa kwa haki.

Ombi letu ni dogo na lina wenyewe. Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza waiandikie TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko, mapema, kabla pantoni yoyote ya Kigongo haijafikia siku ya kukatwa, kuomba lango, nanga, usukani na kibao cha jina. Shirika la Reli, linapong'oa reli na boriti za tawi la mwaka 1928 kwa matengenezo, litenge vipande vichache vyenye namba na alama za kiwanda. Idara ya Mambo ya Kale ianze orodha ya madaraja ya chuma yaliyosalia nchini, hata kama ni ya ukurasa mmoja. Na wewe msomaji, kama shule yako bado inagonga kengele ya reli, ipige picha, waulize wazee wa kijiji ilitoka wapi, na uandike jibu lao kwenye daftari la shule. Akija mnunuzi wa vyuma chakavu, mwambieni hiyo haiuzwi.